LED inabaki na mwanga hafifu ukizima swichi? Usikubali kuambiwa ni kawaida

Mkuu, shuka kwenye hiyo ngazi kwanza! Unasema LED zako zinabaki na mwanga hafifu usiku hata ukizima swichi, na fundi kakwambia ndivyo zilivyo, ununue nyingine tu. Hayo hayo niliambiwa mimi hapa Kimara, na yaliishia kwa mwanangu kuvunjika mkono.

Nilipojenga, fundi aliunga swichi kwenye nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laini (waya unaoleta umeme). Miaka yote ya balbu za wati 60 sikujua, maana umeme kidogo unaovuja swichi ikiwa imezimwa hauwezi kuwasha uzi wa balbu ya zamani. LED inatosheka na hicho hicho kidogo, inamulika kama kimulimuli. Kosa lilikuwa ukutani tangu siku ya kwanza, mimi nikalaumu balbu. Nikaenda Kariakoo nikanunua nyingine, yale yale. Nikamwita fundi, akacheka: "Bosi, LED zote ziko hivyo." Akachukua hela ya usumbufu akaondoka.

Wiki chache baadaye mwanangu, yuko kidato cha pili, akapanda stuli kubadilisha balbu ya koridoni. Alizima swichi kama nilivyomfundisha. Lakini swichi inayokata nyutro inaiacha laini pale pale kwenye holda, volti 230 nzima. Kidole kikagusa chuma, shoti ikamtupa chini, akaangukia mkono kwenye vigae. Plasta wiki sita. Mtoto alifuata nilichomwambia, ndicho kinachoniuma mpaka leo. Na yule fundi sijamsamehe, hakutoa hata tesita ya kupimia umeme, na ilikuwa imechomekwa mfukoni mwa shati lake!

Kwa hiyo nakuomba: LED ikiwaka hafifu ukiwa umezima, asiguse mtu holda mpaka meini swichi izimwe, na fundi asiyepima mbele ya macho yako usimpe hata mia. Tafuta mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, aangalie kama holda bado ina umeme swichi ya taa ikiwa imezimwa. Ikiwa nao, waya uhamishwe, swichi ikate laini. Ni kweli wakati mwingine chanzo ni swichi yenye kitaa kidogo ndani, au nyaya ndefu zilizopita bomba moja, na hapo tatizo ni dogo. Lakini hilo linajulikana kwa kupima. Fundi wako amekisia.

Kuhusu wati, LED ya wati 9 inashika nafasi ya ile ya 60. Balbu kumi kwa saa tano zilikuwa zinakula uniti 3 kila usiku, sasa hazifiki hata nusu uniti, mita ya LUKU yenyewe itakwambia. Leo waambie watoto wasiguse taa yoyote, na fundi akishapima rudi hapa utuambie swichi zako zinakata waya gani.