Madgadi Isiyokubali Kukaa: Vipande vya Bodi vya Beetle ya Zamani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafufua gari aina ya Volkswagen Beetle aliloniachia marehemu baba, ambalo kadi yake inaonesha mwaka 1969. Nimenunua madgadi ya mbele kwa muuzaji aliyenihakikishia kwamba inaingia Beetle yoyote, lakini matundu ya bolti hayakutani. Fundi bodi anashauri aikate, aichomelee na kuijaza puti, ule ujazo wa kusawazisha bati. Je, nimruhusu? Na nitapataje vipande vilivyo sahihi? Msomaji, Magomeni, Dar es Salaam.

JIBU: Ndugu msomaji, nakuomba usimruhusu. Madgadi ya Beetle haichomelewi kwenye bodi bali hufungwa kwa bolti, na katikati hupita ukanda mwembamba wa mpira. Iliyo sahihi hukubali bolti zote kuanza kuingia kwa mkono kabla spana haijaguswa. Kabla ya kumlaumu muuzaji, rudishia kwanza madgadi ya zamani upande uleule, maana nayo ikikataa kukaa, huenda bodi iliwahi kugongwa na inahitaji kunyooshwa. Ikikaa vizuri, uliyonunua si ya gari lako.

Kauli kwamba inaingia Beetle yoyote si kweli. Umbo la gari hili huonekana kama halikubadilika, ilhali kiwanda kilikuwa kikirekebisha vipande vyake mara kwa mara. Magari mengi yaliyotengenezwa Ujerumani kabla ya Agosti 1967 yana taa za mbele zilizolala nyuma ya kioo; baada ya hapo taa zilisimama wima, bampa zikabadilishwa na boneti ya mbele ikafupishwa. Zinazowapotosha wengi zaidi ni madgadi za Beetle za aina ya 1302, iliyotoka mwaka 1970, na aina ya 1303, iliyofuata mwaka 1972. Nazo zina taa wima, hivyo kwa macho zinafanana na zako, lakini sehemu ya mbele ya magari hayo ilisanifiwa upya na ukingo wa madgadi zake haulingani na bodi ya kawaida. Ninashuku kwamba hiyo ndiyo uliyouziwa.

Kwa sababu hiyo, anza kwa kulitambua gari lenyewe, na usitegemee kadi peke yake, kwani mwaka wa usajili unaweza kutofautiana na mwaka wa kutengenezwa. Inua kiti cha nyuma usome namba iliyogongwa kwenye chasisi, katikati ya sakafu. Ikianza na 119, gari ni la modeli ya 1969, yaani lilitengenezwa kati ya Agosti 1968 na Julai 1969. Ikianza na 118, ni la modeli ya mwaka uliotangulia.

Ukienda Gerezani au Ilala kutafuta spea, beba madgadi ya zamani, si picha yake tu, uilinganishe na unayouziwa, matundu kwa matundu. Mimi ningechagua kipande halisi kilichotumika, hata kama kina kutu kidogo pembezoni, kuliko kipya cha bati jepesi ambacho mikunjo yake imefifia, kwa kuwa kutu ya pembeni hukatwa na kuchomelewa bati jipya, lakini umbo baya halina dawa. Pitisha sumaku juu yake: inaposhika kwa ulegevu, chini pana puti nene. Ukiagiza kutoka nje, mpe muuzaji namba ya chasisi na picha za gari, na uulize mapema gharama za usafiri na ushuru, kwa sababu madgadi ni nyepesi lakini hujaza nafasi kubwa.

Kipande kikipatikana, kifunge kikiwa hakijapakwa rangi, pamoja na boneti, taa na bampa, utazame nafasi zilizo kati yao. Kisha kifungue, ukipake rangi ya kuzuia kutu hasa upande wa ndani, ambako matope na hewa ya chumvi ya jiji letu huanza kula bati.