Ndege wa udongo mwenye kichwa cha kufunuka

Maswali ya safari hii yote yanahusu vyombo vya mapambo vilivyofinyangwa Uingereza miaka ya mwisho ya Malkia Victoria.

Viwanda vya Waingereza vilishatoa sahani kwa maelfu. Kwa nini warudie kazi ya mkono? (Dodoma)

Walichoshwa na maelfu hayo. Sahani za Staffordshire, eneo la viwanda vya vyombo vya udongo, zilitoka zote sare, ua lile lile limebandikwa kutoka kwenye karatasi. Msanii wa mapambo William Morris na wenzake wakashikilia kwamba kitu cha nyumbani kionyeshe mkono wa fundi. Hata kiwanda cha Doulton cha Lambeth, London, ambacho wenyewe walitajirika kwa mabomba ya maji machafu, wakawachukua wanafunzi wa shule ya sanaa ya jirani na kuwapa udongo. Hannah Barlow, aliyeanza pale 1871, alichora mbuzi na farasi kwa ncha kali, udongo ukiwa bado mbichi. Sogeza jicho karibu uone kingo za mstari zilivyoinuka kidogo pale ncha ilipopita. Karatasi ya kubandika haikupi hilo.

Nimeona picha ya ndege wa udongo anayekutazama kama mzee mwenye dharau. Ni kitu gani? (Mombasa)

Huyo ni kazi ya wafinyanzi ndugu wanne wa ukoo wa Martin, na mimi ndio niwapendao kuliko wote. Walianza Fulham, London, 1873, wakahamia Southall 1877. Wallace ndiye mchongaji wa ndege hao, Walter akishika gurudumu na tanuri, Edwin mapambo, Charles duka. Shika kichwa, kinatoka: ndani ni pa kuwekea tumbaku. Ngozi yake ina vitundutundu kama ganda la chungwa. Ni kazi ya chumvi: ilitupwa tanurini moto umekolea, mvuke wake ukaungana na udongo na kuwa kioo chembamba. Charles naye alikuwa muuza duka wa ajabu. Vyombo alivyovipenda alivificha chini ya mbao za sakafu ili asiviuze. Mwaka 1903 duka likaungua.

Ule wekundu unaometa kwenye sahani za mfinyanzi William De Morgan ni dhahabu? (Zanzibar)

Hapana, mara nyingi ni shaba. Sahani huchomwa kwanza hadi ing'ae, ndipo huchorwa kwa mchanganyiko wenye madini ya shaba au fedha na kurudishwa kwenye moto mdogo zaidi. Hapo fundi huunyima moto hewa ili tanuri lijae moshi. Moshi hunyang'anya madini oksijeni yake, na juu hubaki utando mwembamba wa shaba tupu. Igeuze sahani chini ya taa, wekundu unahama.

Ufundi huu ni wa Iraki ya karne ya 9. De Morgan aliufufua kwa kujaribu na kukosea, hata paa la nyumba yake likaungua. Alisaidia pia kupanga vigae vya Damascus kwenye ukumbi wa Kiarabu wa mchoraji Leighton, London. Msomaji wa pwani aliyeona bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye makaburi ya Kunduchi hatashangaa sana kuona vyombo vya mbali vikipachikwa ukutani. Biashara ya De Morgan ilifungwa 1907. Akageukia kuandika riwaya, na riwaya zikamlipa kuliko udongo.

Jagi la bibi yangu limeandikwa "England" chini. Ni la lini? (Tanga)

Huenda ni la 1891 au baadaye. Mwaka huo sheria ya forodha ya Marekani ilianza kudai bidhaa iandikwe nchi itokako, na viwanda vingi vikapiga neno hilo. Likiwa "Made in England", aghalabu ni la karne ya 20. Neno "Royal" mbele ya Doulton nalo ni la karne hiyo.

Na tafadhali, mwanangu, usilisugue kwa majivu wala steelwire. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini.