Kabla hujachimba kisima karibu na bahari, nisikilize kwanza

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, nimepata kiwanja Ununio, pwani ya Dar, mawimbi nayasikia nikiwa uani. Nichimbe mita ngapi nipate maji baridi, yasiyo na chumvi?" Nilicheka, halafu nikanyamaza. Swali hilo hilo nililiuliza mimi mwaka 2017, tena nilimuuliza mwenye mtambo wa kuchimbia, anayelipwa kwa mita. Muuza kamba naye huulizwa urefu unaokutosha?

Wengi mnaonisoma mnajenga au mna kiwanja mahali, kwa hiyo habari za msingi, tofali na fundi aliyetoweka na nondo tuziache. Kisima changu kilichimbwa mita 42, pampu ikazamishwa, maji yakatoka matamu kama ya dafu. Shemeji yangu aliyesema natupa hela alikuwa wa kwanza kuleta madumu yake. Sikumsema. Nilimjazia tu, na nikahakikisha kila aliyekuwepo anaona.

Nikaanza kuuza. Mwanzoni dumu moja moja kwa majirani, shilingi 100, baadaye wakaja wenye maboza. Oktoba 2022 mvua za vuli zikachelewa, mto Ruvu ukapungua, Dar ikatangaziwa mgao wa maji. Kwangu foleni ya maguta ilianza alfajiri na pampu haikupumzika. Mji mzima unalia, mimi nahesabu noti. Nilijiona mwerevu kweli.

Februari 2023 sabuni ikagoma kutoa povu, nikailaumu sabuni. Mchicha ukaungua kingo za majani, nikailaumu mbolea ya kuku. Siku mgeni alipoonja chai akauliza kama sukari na chumvi nimezichanganya, sikubaki na wa kumlaumu. Nikampigia mwenye mtambo. Akasema tuongeze mita 20. Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira, kwa sababu nilishaanza kutafuta hela.

Sasa sikia ambalo hakuna aliyenieleza. Maji baridi ya pwani ni mvua iliyozama mchangani. Chini yake kuna maji ya bahari yaliyopenya ardhini, na kwa kuwa ya chumvi ni mazito zaidi, yale baridi yanaelea juu. Kama tui: likamue, liache litulie, lenye mafuta linapanda juu na la majimaji linabaki chini. Chovya mrija juu juu, unywe taratibu, unapata lenye mafuta. Fyonza kwa pupa, unavuta na la chini.

Hesabu yake ndiyo iliyonitoa jasho. Kwenye ardhi ya mchanga, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hukadiriwa kubeba nyingine kama 40 chini ya usawa huo. Unaweza kuona ni neema. Igeuze basi: ukiyashusha maji kwa nusu mita tu, chumvi, polepole lakini kwa hakika, inaweza kukufuata mita 20 kwenda juu. Mimi nilishusha kwa maboza, katika mwaka ambao mvua ya kurudisha haikunyesha. Kuongeza kina kungekuwa kuifuata bahari nyumbani kwake.

Na kama hilo halitoshi, ua wote niliuweka pevingi. Ilipendeza sana. Mvua iliyonyesha kwangu ilikuwa inatiririka barabarani na kurudi baharini bila hata kugusa mchanga wangu.

Jirani yangu ni bibi mmoja mwenye kisima cha kuchimbwa kwa mkono, kifupi, anachota kwa ndoo na kamba. Zamani nilimwonea huruma. Aliwahi kuniambia, "Mjukuu wangu, haya maji yanachotwa, hayavutwi," nikaitikia kama mtu anavyowaitikia wazee. Kiangazi kile na chake kikakolea chumvi. Hakunisema hata neno. Angenisema ningepumua.

Vuli ya 2023 na masika ya 2024 zilimwagika kweli kweli, nikadhani yamekwisha. Cha bibi kilirudi kunyweka. Changu kimepungua ukali tu. Chumvi ikishaingia ardhini hutoka kwa mwendo wake.

Kwa hiyo, mdogo wangu, tulia. Chimba ukitaka, lakini chukua kwanza kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, pima maji kabla ya kununua pampu, na uendelee kuyapima kila mwezi. Vuta kidogo, pumzisha. Usiuze! Shimo la choo likae mbali na kisima. Na usidanganywe kwamba maji ya chumvi yakichemshwa yanapona: mvuke ndio unaoondoka, chumvi inabaki sufuriani.

Ila kabla ya hayo yote, tazama juu. Paa langu ni mita 12 kwa 10. Kila milimita 1 ya mvua inaniletea lita 120, na Dar kwa mwaka wa kawaida hupata milimita elfu moja na ushei. Toa zinazomwagika na kukauka, bado navuna karibu lita 100,000. Nimefunga gata na matangi mawili ya lita 10,000. Tukitumia lita 100 kwa siku kunywa, kupika na kufua, yakijaa mwishoni mwa Mei yananifikisha vuli. Mvua ya kwanza naiacha ipite na vumbi na kinyesi cha kunguru, na ya kunywa tunachemsha. Yanayofurika naelekeza kwenye shimo la kokoto, pale nilipong'oa nusu ya pevingi. Kisima kimebaki cha choo na kudekia.

Watu wanatoa milioni kuitafuta chini mvua ile ile waliyoiacha ipite barazani. Mnaninunia nikisema, lakini nitasema.

Nitumie urefu na upana wa paa lako. Mita za kisima tutazungumza baadaye.