Usikague njia Jumapili kama msafara ni Jumatano (mimi nililipia migomba 11)

Mkuu, futa hiyo Jumapili. Ifute kwanza ndiyo uendelee kusoma.

Bandiko lako nimelisoma mara mbili. Umestaafu MP, polisi wa jeshi, kama mimi, kampuni imekupa vijana 12 uwafundishe kukagua njia na kuongoza magari kwa mtindo wetu wa jeshini, na kazi yao ya kwanza ni kusindikiza lobedi mbili (yale matela marefu ya chini ya kubebea mitambo) na malori ya vifaa kutoka Arusha hadi Moshi, Jumatano. Umeomba ratiba ya siku tano, ishara za mikono, orodha ya vifaa na namna ya kuandika ripoti. Safi kabisa. Halafu mwishoni, kama vile si kitu, unasema njia umeshaiona kwenye ramani ya simu, "ila Jumapili asubuhi nitapita na Prado kuhakiki". Hapo ndipo chai iliponipalia.

Maneno hayo niliyasema mimi mwaka 2006. Tofauti ni kwamba Prado yangu ilikuwa Land Rover na ramani ilikuwa ya karatasi.

Nilikuwa sajenti, mkufunzi wa upelelezi wa njia. Kikosi sitaji, majina sitaji, pensheni yangu naipenda. Zoezi la kufunga kozi lilikuwa kuongoza msafara wa magari 18 kutoka Arusha, kupitia Tengeru mpaka Usa River, kisha kuacha lami na kushuka kusini kwa barabara ya vumbi. Gari la tisa lilikuwa lobedi iliyobeba buldoza. Msafara ulipangwa Jumamosi, kwa hiyo nikaomba mafuta ya kukagua njia Jumamosi ya kabla yake. Afande mmoja mwenye nyota zake akanitazama kama nimeomba ndege. "Sajenti, barabara ni ile ile. Lami haihami. Nenda Jumapili, gari litakuwepo." Nikapiga saluti. Mkono huu ungekuwa na akili ungekataa kupanda.

Jumapili saa moja asubuhi njia ilikuwa kama tumefagiliwa. Watu wako kanisani, Tengeru kimya, mbwa wawili tu barabarani. Vijana wakapima upana wa lami, wakaandika madaraja, nyaya zinazoning'inia, miteremko. Kule kwenye vumbi tukakuta kona, na pua ya kona ina kalavati lililoinuka mgongo. Nikamwambia koplo atoe kamba tupime. Akasema, "Afande, si tumepita na gia ya tatu?" Tukacheka. Tukaandika: kona, inapitika. Ripoti ikasomwa mbele ya kozi nzima kama mfano wa ripoti nzuri. Mfano!

Jumamosi ikafika. Nani Arusha hii hajui kwamba soko la Tengeru ni Jumatano na Jumamosi? Mimi nilijua! Mke wangu alikuwa ananunua ndizi pale. Ila kichwani mwangu soko lilikuwa jambo la mke wangu, msafara ni jambo la jeshi, na mambo hayo mawili hayakuwahi kukutana mpaka saa nne asubuhi ya siku ile.

Sasa angalia hesabu, maana hii hesabu ndiyo iliyonizika. Magari 18, kila moja weka mita 10, nafasi kati ya gari na gari mita 50. Msafara mzima unakuwa na urefu wa kilomita moja na kidogo. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, unapita mbele ya kituo kwa dakika moja na nusu. Nikamwambia kuruta niliyemweka kwenye maungio ya kuacha lami: gari la kwanza likikata, hesabu dakika tatu, kisha panda pikipiki uwahi kituo kinachofuata. Nilijiona mkarimu, nimempa muda mara mbili. Lakini katikati ya soko, mikokoteni, Hiace na kina mama wenye mikungu kichwani, na wakati ule hapakuwa na njia nne kama sasa, mwendo ni wa mtu anayetembea. Kwa kilomita 5 kwa saa, msafara ule ule unahitaji dakika 12. Na hapo hujakatwa. Sisi tulikatwa. Hiace zikaingia katikati, konda mmoja akamfokea kijana wangu wa Tengeru mpaka kijana akampigia saluti. Sitanii. Alimpigia konda saluti.

Kuruta wa maungio akaona magari 11, kisha Hiace, kisha Hiace tena, dakika tatu zikaisha zamani, akaondoka. Alifanya nilichomwagiza. Bendera nilikuwa nimeweka, bluu gari la mbele, kijani gari la mwisho, kama kitabu kinavyotaka, ila sikumwambia neno moja dogo: usitoke hapo mpaka uione kijani. Magari saba ya nyuma yakapita moja kwa moja kuelekea Moshi. Niliyakuta jioni Boma Ng'ombe, madereva wanakula nyama choma, wananiuliza kama zoezi limeisha.

Jioni, kwa sababu mchana wote nilikuwa kwenye ile kona. Kichwa cha lobedi kilipita vizuri, tela likakata kona kwa ndani, magurudumu yakaingia kwenye migomba ya watu, dereva akajaribu kurudi nyuma, tumbo likakaa juu ya kalavati. Tukakwama masaa matano. Buldoza liko pale juu, linatutazama. Baadaye nikaipima ile kona kwa kamba, wakati aibu imeshanipata. Kamba ya mita 15, ncha zote mbili kwenye ukingo wa nje wa kona, kisha kutoka katikati ya kamba hadi kwenye ukingo huo nikapata mita moja na nusu. Zidisha 15 kwa 15, gawa kwa mara nane ya kile kipimo cha katikati, ongeza nusu ya kipimo hicho: nusu kipenyo cha kona ni mita 19 na nusu. Vitabu vya jeshi la Marekani tulivyokuwa tunasomea vinasema kona yenye nusu kipenyo cha mita 25 kushuka chini ni kizuizi, inaandikwa kizuizi. Kazi ya dakika nne. Kamba ilikuwa nyuma ya kiti.

Mwenye migomba akaja, mama wa makamo, kanga kiunoni, hana hata hasira. "Baba, Jumapili si mlipita hapa na kagari kenu? Mbona hamkuniuliza? Hata lori la mchanga halipiti hapa, linazungukia kule juu." Akahesabu migomba mwenyewe, 11, mmoja una mkungu aliouweka kwa ajili ya kipaimara cha mjukuu. Nililipa mfukoni mwangu. Na yule afande wa lami haihami? Aliandika kwamba "upelelezi wa awali haukuzingatia hali halisi". Kalamu haikumtetemeka.

Kwa hiyo, mkuu: njia inakaguliwa kwa gari refu kuliko yote katika msafara, siku ile ile ya wiki, saa ile ile. Prado haikagui njia ya lobedi, Prado inatalii. Kama kampuni inabana lobedi, ichukue tupu, na mwenye kampuni akikuambia mafuta ni ghali muulize bei ya masaa matano ya kusimama. Wewe unatoka Jumatano, yaani soko tena! Kama mzigo unaanzia upande wa Ngaramtoni, ule mchepuo wa kilomita 42 unakutoa Usa River bila kugusa Tengeru, lakini nao upite na lobedi Jumatano ya kabla, usiniletee ramani ya simu. Matuta ya vijijini yahesabu ukiwa umepiga magoti, pima tumbo la tela. Na mteremko wa Kikafu, kabla ya kufika Moshi, ushuke saa utakayoshukia na mzigo, uone malori yanayopanda kutoka Moshi yanachukua upana gani kwenye zile kona.

Vijana wako si trafiki, kumbuka. Raia hana mamlaka ya kusimamisha magari, kwa hiyo polisi wa usalama barabarani wawepo toka siku ya ukaguzi. Ishara za mikono watazishika kwa asubuhi moja, hazijawahi kumlaza mtu shambani.

Ratiba ya siku tano... tutaongea. Niambie kwanza lobedi ndefu ina mita ngapi kutoka pua hadi mkia, na kama Jumatano inaweza kuwa Alhamisi. Kabla ya hayo mawili mimi filimbi na viakisi mwanga sizungumzii.