Kuingia kwenye gothi na indastria ukiwa Nairobi

Karibu, mdogo wangu. Umeuliza uanzie wapi na muziki wa gothi, ile roki ya giza na huzuni, na indastria, ule wa kelele za mashine, na kama ni lazima uvae nguo nyeusi. Si lazima. Ukizitaka, fika soko la Gikomba alfajiri wanapofungua marobota ya mitumba. Buti na makoti marefu hayakosekani.

Mimi niliingia kwenye gothi kupitia bendi za Uingereza: Bauhaus, waliotoa singo yao ya kwanza 1979, kisha Siouxsie and the Banshees. Humo besi ndiyo inayoongoza, gitaa linalia kwa mbali. Indastria ilinichukua muda zaidi. Jina lake limetokana na Industrial Records, lebo ya kutoa rekodi iliyoanzishwa na bendi ya Throbbing Gristle 1976, na kelele zao zilinishinda mwanzoni (mama alidhani redio imeharibika).

Lakini walionishika kabisa ni wa hapa hapa: Duma, wawili wa Nairobi, na albamu yao ya 2020 iliyotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Gitaa za muziki wa metali na kelele za mashine zinasagana humo bila huruma. Wasikilize kwa hedifoni, si spika ya simu. Na majirani wakikuita mwabudu shetani, zoea tu. Mtaani kwetu hata rangi nyeusi ya kucha inatosha kukupa cheo hicho.