Mlinda Lango Anayetaka Kufika Mbali Aanze na Sauti

Kila likizo ya shule huja mabinti wawili watatu pale uwanja wa Tononoka wakiwa na glavu mpya na ombi moja, nalo ni kufundishwa kuruka. Wameona picha za Chiamaka Nnadozie, kipa wa Nigeria, akipangua penalti ya Christine Sinclair wa Kanada mjini Melbourne, Julai 2023, timu hizo zilipotoka sare ya 0-0 kwenye Kombe la Dunia, nao hudhani kwamba kazi ya mlinda lango ndiyo ile. Siwalaumu, kwani nami nilianza vivyo hivyo. Lakini kwa miaka niliyodaka na hii ninayofundisha, nimeona kwamba mara nyingi kinachomkwamisha binti wa Mombasa mbele ya makocha wanaotafuta wachezaji wa taifa si mikono wala kimo, bali ni kimya chake.

Sisi wa Pwani tumelelewa kwamba mwana wa kike hapazi sauti mbele za watu. Adabu hiyo naiheshimu, na wanangu wa kuzaa nimewalea nayo, ila ndani ya kumi na nane, eneo lile la mbele ya lango, huleta mabao. Nilijifunza hilo kwa aibu. Krosi ilikuja, nikatoka langoni bila kusema neno, na beki wangu, ambaye hakuwa na njia ya kujua kwamba nipo nyuma yake, akarudi kuupiga mpira kichwa. Tuligongana, mpira ukadondoka miguuni mwa mshambuliaji ambaye hata hakuhitaji kukimbia, na yule dada akashonwa nyuzi tatu juu ya jicho. Ndani ya basi kocha aliniuliza jambo moja tu: “Ulimwambia nini?” Nilitazama dirishani hadi tukafika.

Basi jifunzeni kusema neno moja, tena mapema, kabla mguu haujaondoka kwenye mstari. “Wangu!” ukitoka, “Toa!” ukibaki, na jina la beki litangulie agizo, kwa sababu mtu asiyeitwa hujiona hahusiki. Mazoezi ya sauti tunayafanya ufuoni Bamburi maji yakipwa, wakati wa kusi, upepo unapoyachukua maneno: ukisikika na mwenzako aliye hatua thelathini, utasikika popote. (Mchanga, kwa njia, hufundisha kuanguka bila kuumia lakini huharibu wepesi wa miguu, kwa hiyo usiufanye uwanja wako wa kila siku.)

Chagueni pia maneno yanayoeleweka na wote. Binti mmoja wa hapa, tulipocheza na timu ya bara, aliazimwa kuwadakia wageni kipindi cha pili kwa kuwa kipa wao alikuwa ameumia. Alipiga kelele “Wata! Wata!” kwa Kimvita chake safi, beki akauchezea mpira ule aliokuwa akiambiwa auache, na baada ya bao akamjia na chupa ya maji, kwani alidhani kipa ana kiu. Tulicheka, lakini ndiyo hali itakayokukuta nje ya nchi. Nnadozie alitoka Rivers Angels ya Nigeria akaenda Paris FC mwaka 2020, kisha Brighton ya Uingereza mwaka 2025. Winga anaweza kuishi msimu mzima kwa mbio zake tu, ila kipa huwaongoza mabeki wanne, na hawezi kuwaongoza kwa lugha wasiyoijua. Maneno kumi na mawili ya Kifaransa yanafaa kuliko glavu za bei kubwa.

Umri nao usikufunge mdomo. Kwenye Kombe la Dunia la 2019 nchini Ufaransa, Nnadozie alikuwa na miaka 18, na kikosini mlikuwa na beki Onome Ebi, mwenye miaka 36, akiwa kwenye Kombe la Dunia lake la tano. Nigeria iliishinda Korea Kusini 2-0 bila mtoto yule kufungwa. Mwamkie dada yako kabla ya mechi, mwombe radhi baada yake, lakini katikati mwamrishe.

Tangu Julai 2025 sharti hili la kusema mapema limekuwa zito zaidi, maana kipa akiushika mpira zaidi ya sekunde nane, wapinzani hupewa kona. Hakuna tena muda wa kudaka, kupumua, kisha kutafakari nani asogee.

Kuhusu safari zenyewe nitasema machache. Kanuni za FIFA, isipokuwa kwa hali chache, haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, kwa hiyo anayemwahidi mama yako Ulaya ukiwa na miaka 16, na kumwomba nauli, mfukuzeni. Pasipoti itafuteni mapema. Na mjue kwamba kwenye mashindano makubwa huitwa makipa watatu na hucheza mmoja. Wawili waliobaki wanaendelea kusema kutoka benchi.

Kila Jumamosi humsimamisha kipa mgeni langoni mikono ikiwa nyuma, na kwa dakika kumi huruhusiwa kuokoa kwa mdomo tu, akiwapanga mabeki. Wengi hunyamaza hadi bao la tatu. Mzazi mmoja aliyekuwa akitazama kando alinijia akauliza mwanawe amekosa nini hata aadhibiwe vile, na kabla sijamjibu tukasikia kutoka langoni, kwa sauti ambayo nadhani hata yeye hakuwahi kuisikia nyumbani: “Mwanaisha, kushoto!”