Ukisimama kimya angekunusa

Ndugu yangu, umeuliza kama ni kweli tiranosauri, yule dinosauri mkubwa mla nyama, hakuoni usiposogea, kama sinema zinavyoonyesha. Si kweli. Macho yake yalitazama mbele kama ya tai, na sehemu ya ubongo wake ya kunusa ilikuwa kubwa. Ungesimama kama jiwe la volkeno hapa Goma, bado angekupata.

Kinachoniuma zaidi ni velosirapta, dinosauri mwingine mwindaji: kwenye sinema wanamchora mrefu kama mtu, ngozi tupu. Wa kweli alikuwa na kimo cha batamzinga, na mwaka 2007 wataalamu walitangaza vinundu vya kushikilia manyoya kwenye mfupa wa mkono wake. Mtazame kuku, jamaa yake wa leo, uani akimvizia mjusi juu ya mawe meusi: shingo mbele, mguu mmoja hewani, kimya kabisa. Mwindaji hangurumi kwanza.